Thurea Iliyomwangusha Baba Yako

Mwanangu Raya,

Salamu tumeshapeana asubuhi juu ya chai, kwa hivyo sizirudii. Sasa alasiri imeshaswaliwa. Wewe umekwenda Vitongoji kumuaga bibi yako. Baba yako yuko barazani, analifungua begi lako na kulifunga tena kwa kamba, kana kwamba safari yenyewe ni yake. Mimi nimekaa ukumbini, chini ya thurea, na mlango nimeurudisha asiingie mtu.

Sikuandikii habari za sweta. Mbeya unakokwenda kazi kuna baridi, baba yako keshakwambia, mjomba wako keshakwambia, hata muuza mkaa keshakwambia. Sikuandikii pia habari za kupika wala za kuchagua mashoga. Umeusomea uuguzi na umewapokea watoto wa watu duniani kwa mikono yako, sina cha kukufundisha katika hayo. Nataka kukuandikia habari za taa hii iliyo juu ya kichwa changu.

Najua utasema, "Aa, mama, hiyo naijua." Na kweli umelelewa nayo. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hulali mpaka nikusimulie jinsi mama alivyompiga baba kwa mchi, nawe ukicheka mpaka ukishikwa na kwikwi. Nimeisimulia kwenye maharusi, nimeisimulia garini, nimeisimulia hospitali nilipokuwa nakuuguza. Lakini siku zote niliisimulia kama kichekesho, na kichekesho mtu hukikata pale watu wanapocheka. Kilichobaki baada ya hapo hukukisikia. Leo nakuandikia chote.

Ulikuwa tumboni, miezi mikubwa. Mama yako mkubwa Zuwena alikuwa ameshahamia Maskati na mumewe, na mwaka ule alituletea mzigo kwa meli. Ndani ya mzigo ulikuwamo mzinga wa boksi uliobebwa na wanaume wawili kutoka kwenye gari mpaka ndani, na wote wawili wakihema. Tulipolifungua tulikuta thurea: taa ya shaba yenye matawi, kila tawi na glopu yake, na vigololi vya kioo vinavyoning'inia chini kama mvua iliyosita. Hapa kwetu Konde hakuna aliyekuwa na kitu kama kile. Watu walikuja kukitizama kikiwa bado kimo ndani ya boksi, wakikishika na kukiachia, wakisikiliza vioo vinavyogongana.

Nyumba yetu ilikuwa mpya. Silingi nilikuwa nimeitaka mimi, maana sikupenda mtu akiinua uso aone bati. Baba yako akapigilia vijiti vyembamba chini ya boriti, na juu ya vijiti akabandika mbao nyepesi, akapaka rangi nyeupe. Ilikuwa nzuri. Katikati ilining'inia glopu moja kwa waya wake, kama kwa watu wote.

Tukamwita Shaame, fundi wa umeme kutoka Wete. Wakati ule alikuwa kijana bado. Akapanda, akaigonga silingi kwa kidole, akashuka.

"Bi Sharifa," akaniambia, "hii silingi ni nguo ya nyumba. Mfupa uko juu yake, kwenye boriti. Taa nzito kama hii haitundikwi kwenye nguo."

"Basi itundike kwenye mfupa."

"Nitaitundika. Lakini nimefiwa na mkwe wangu huko Makoongwe, naondoka leo. Nikirudi nitakuja na boliti ndefu. Msiiguse mpaka nije."

Ningeweza kungoja. Lakini Zuwena alikuwa ameshatoa habari kwamba anakuja kututizama, na mimi nilikuwa nimejichorea picha kichwani: dada yangu anaingia mlangoni na buibui lake la Kiarabu, anainua macho, anaiona zawadi yake inawaka juu ya ukumbi wa mdogo wake. Tangu utotoni Zuwena alikuwa mbele yangu kwa kila kitu. Nilitaka siku moja anikute nimesimama pahala pazuri.

Siku moja tulikuwa uani tunasuka ukili wa mikeka, mimi na Bi Mize jirani yetu na wanawake wengine. Bi Mize akauliza, "Dada'ko yuko njiani, na taa yake bado imo ndani ya boksi?" Baba yako alikuwa anapita na ndoo ya maji anakwenda kukoga. Wakati ule, kama ujuavyo, alikuwa anaendesha gari ya abiria baina ya Konde na Wete, na ikiharibika njiani alikuwa anajitengenezea mwenyewe. Nikapaza sauti, nikasema, "Mume wangu anafunga taa za gari nzima porini, usiku, gizani. Itamshinda taa moja ya nyumba?"

Wanawake wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao. Baba yako Faki akasimama na ndoo yake, naye akacheka, lakini kicheko kile kilikuwa cha midomo tu. Nilikiona. Usije ukadhani sikukiona.

Tulipokuwa tunakula akaniambia, "Ijumaa nikitoka msikitini naitundika."

Hapo ndipo neno moja lingetosha. Ningesema, "Mngoje Shaame," na angengoja, tena kwa furaha. Badala yake nikasema, "Inshaallah." Kuna inshaallah ya kumwachia Mungu, na kuna inshaallah ya kumsukuma mtu mgongoni. Yangu ilikuwa hiyo ya pili.

Ijumaa ile umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Wewe umezoea umeme wa kutoka Tanga, ule unaopita chini ya bahari. Wetu sisi ulikuwa wa majenereta, ukija na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Baba yako akaona ni bahati: umeme haupo, kazi itakuwa salama. Hakwenda kuzima meni swichi, ile ya nyumba nzima. Na mimi sikumkumbusha. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kitu kilichokwenda chenyewe kinaweza kurudi chenyewe.

Akaweka meza, juu ya meza akaweka kigoda. Akatia ndoano kwenye kile kijiti cha silingi. Yeye na utingo wake, Omar, wakainyanyua thurea, wakaitia mnyororo kwenye ndoano, na kweli ikakaa. Omar akenda zake kuosha gari. Faki akaniita, "Sharifa! Njoo utizame!"

Nikaja na mchi wangu mkononi, maana nilikuwa natwanga kisamvu. Nikatizama. Ilikuwa inapendeza, Raya, wallahi. Nikaona pia kwamba ile mbao pale katikati imeinama kidogo, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Nikajiambia ni macho yangu. Nikasema, "Mashaallah," nikarudi uani.

"Bado kuunga waya tu," akasema kwa nyuma yangu. "Waya ni waya. Wa gari na wa nyumba, zote shaba."

Sikufika mbali na kutwanga. Nikawasikia watoto wa mtaani wanapiga ukelele ule wanaoupiga siku zote: "Umemeee!" Na mimi, mjinga, nikafurahi pamoja nao. Nikasema moyoni, sasa tutaiona inawaka.

Kisha nikasikia sauti kutoka ukumbini. Siku zote nikisimulia huwa naiiga, na watu hucheka. Lakini haiigiki. Haikuwa ukelele. Ilikuwa kama mtu anayejaribu kutaja jina na jina halitoki.

Nikakimbia na tumbo langu. Nikamkuta amesimama juu ya kigoda, mkono wa kushoto umeushika waya na hauuachii, mwili mzima unatetema, na macho yananitizama. Nikamwita. Hakujibu. Nikanyoosha mkono wangu nimshike mguu, nimvute.

Watu wanasema nilikuwa na akili siku ile. Sikuwa na akili, nilikuwa na mchi. Mkono mmoja ulikuwa unakwenda kwenye mguu wake, na laiti ungefika, wewe na mimi na yeye tungekwenda pamoja. Mkono wa pili, ambao sikuuamrisha, uliuinua mchi ukampiga kwenye ule mkono wa waya, kwa nguvu zangu zote. Mti mkavu wa mkunazi. Akaachia. Akaanguka meza na kigoda na yote, na kile kijiti cha silingi hakikungoja zaidi: kikakatika, na thurea ikashuka na mbao zake, ikapiga sakafu hapo hapo karibu na kichwa chake. Vioo vilitawanyika mpaka jikoni. Mpaka leo, nikifagia chini ya kabati, mara nyengine napata kimoja.

Alikuwa hapumui, au mimi nilidhani hapumui. Nilipiga magoti nikamsomea shahada sikioni. Bi Mize akaingia, akaanza kulia msiba kabisa. Ndipo Faki akafungua macho, akanitizama, akauliza kwa sauti ndogo:

"Imewaka?"

Hapo ndipo watu wanapocheka, na hapo ndipo ninapokatisha siku zote. Siku yenyewe sikucheka. Nilimshika kichwa nikalia mpaka Bi Mize akaogopa kwamba nitakuzaa pale pale juu ya vioo.

Mkono ulivunjika. Kama ni mchi uliouvunja au ni sakafu, hakuna ajuaye, na mimi sikutaka kujua. Vidole viwili viliungua na mpaka leo havikunjiki sawasawa. Ndio maana baba yako anashika kikombe kama mtu anayemshika ndege. Alikaa nyumbani muda mrefu, gari akaiendesha mtu mwengine. Wanaume wenzake wakija kumtizama alikuwa anasema alianguka juu ya mkarafuu. Mtu akianguka juu ya mkarafuu Pemba hii, hakuna anayemwuliza la pili.

Na mimi nilimwachia uongo wake, mpaka alipokuja Zuwena.

Zuwena aliingia mlangoni na buibui lake, akainua macho kama nilivyokuwa nimeota, akaona tundu jeusi kwenye silingi. "Taa iko wapi?" akauliza. Wageni walikuwa wamejaa ukumbini. Nikahisi uso unaniungua. Zawadi ya dada yangu imo stoo, imepinda, vioo nusu. Na nilipotafuta pa kuificha aibu yangu sikupata pahala isipokuwa nyuma ya mume wangu. Nikaanza kusimulia. Nikamwiga alivyopanda. Nikamwiga alivyosema waya ni waya. Nikaiga ile sauti. Nikasimama na tumbo langu, nikaonesha jinsi nilivyoupiga mchi, na nikamalizia na "Imewaka?" Zuwena alicheka mpaka akajifuta machozi. Ukumbi mzima ulicheka. Hakuna aliyeuliza tena habari ya zawadi.

Faki alikuwa chumbani, mlango wa pazia. Mkono wake umo kwenye kitambaa shingoni. Alisikia kila neno.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alipotoka alikuwa amevaa kofia yake, akawaamkia wageni kwa heshima, akaenda zake msikitini. Na tangu siku ile watu hawakumwuliza tena juu ya mkarafuu, waliomwona barabarani walikuwa wanampigia kelele, "Faki! Imewaka?" Naye anacheka, kile kicheko cha midomo.

Nikadhani yamekwisha. Ukazaliwa, ukawa na afya, mkono wake ukaungika, akarudi kwenye gari. Tukaishi vizuri, Raya. Sisemi kwamba hatukuishi vizuri. Lakini kulikuwa na kitu ambacho sikukiona kwa sababu kilikuwa ni upungufu wa kitu, na upungufu hauonekani kwa haraka. Baba yako aliacha kunambia mambo yanayomshinda. Gari ikisumbua, nasikia kwa Omar. Akiumwa, nasikia kwa mamake. Mimi nikiona mume wangu ni mtu asiye na matatizo, na nikiwatambia wenzangu kwa hilo.

Ile siku ya mtaroni wewe unaikumbuka. Ulikuwa na sare za skuli, ulikimbia kutoka darasani mpaka sokoni miguu mitupu. Gari ya baba yako, mchana kweupe, njia kavu, imelala ubavu mtaroni na watu wanatolewa madirishani. Mungu alitustiri, hakufa mtu. Mama mmoja aliteguka bega, kuku wa watu walimwagika barabarani, na baba yako amekaa juu ya jiwe, kichwa ameinamisha. Uliniuliza usiku ule, "Mama, baba alilala?" Nikakwambia breki.

Hazikuwa breki. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, na la kushoto linafuata. Alikuwa haoni vizuri upande ule kwa muda mrefu sana. Alikuwa anaendesha kwa kuijua njia, kwa kumbukumbu, kama mtu anavyotembea chumbani kwake taa ikiwa imezimwa. Na mtaro ule ulikuwa umechimbwa upya wiki ile.

Nilimwuliza tulipobaki wawili. Nilikuwa na hasira, maana ndani ya gari ungeweza kuwamo hata wewe. Nikamwambia, "Faki, jicho lako linazimika na unalala na mimi kitanda kimoja. Kwa nini hukunambia?"

Akavua kofia yake akaiweka kitandani. Kisha akasema, bila ya ukali hata kidogo, kama mtu anayejibu saa ngapi:

"Niliogopa utasimulia."

Mwanangu, nimepigwa maishani. Mwalimu wa chuo cha Kurani amenipiga, uchungu wa kukuzaa umenipiga, kifo cha baba yangu kimenipiga. Sijapigwa na kitu kama maneno yale mawili. Nilitaka kujitetea. Nilitaka kumwambia kwamba ilikuwa mzaha, kwamba hata yeye alikuwa akicheka. Nikaacha, kwa sababu nilikiona tena kile kicheko chake na ndoo ya maji, na nikajua kwamba nilikuwa nakijua tangu siku ile ya ukili.

Miaka yote nilikuwa nikisema kosa la baba yako ni kwamba hajui kusema "sijui". Angesema "sijui umeme wa nyumba" angebaki na vidole vyake. Na ni kweli. Lakini neno hilo halitoki kinywani kwa mtu peke yake. Linataka mtu wa upande wa pili ambaye halitamchekesha. Mimi nilikuwa huyo wa upande wa pili, na nilikuwa nimekaa na mdomo wazi nikingojea.

Alipasuliwa macho na madaktari waliokuja Chake Chake, unakumbuka ulivyokuwa ukimtia dawa. Gari aliiuza, akafungua lile duka la spea. Na wewe ukenda Unguja kusoma. Uliporudi likizo moja ulikuta thurea inawaka ukumbini, ukashangaa, ukauliza nani kaitundika. Baba yako akakujibu, "Mafundi." Sasa nikwambie ilivyokuwa.

Alikuwa ni yeye aliyeitaka. Siku moja alitoka stoo na vumbi kichwani, akanambia, "Sharifa, ile taa naitaka juu." Nikauliza kwa nini, baada ya miaka yote hii. Akasema, "Kila nikiingia stoo inanitizama." Tukamwita Shaame. Ndevu zake sasa nyeupe. Alipoiona akacheka kidogo, akamtizama Faki, akaacha kucheka.

Safari hii haikuwa haraka. Shaame alipanda juu ya silingi, chini ya bati, akalaza gogo fupi la mti mgumu juu ya boriti mbili ili uzito ugawike. Akatoboa gogo katikati, akapitisha boliti ndefu iliyokuwa na ndoano chini na nati juu, akaikaza. Kisha hakuitundika taa. Alitundika gunia la mchanga, zito kuliko taa yenyewe, akaliacha mpaka siku ya pili. "Likianguka," akasema, "utamwagika mchanga, si vioo." Niliamka alfajiri nikaenda kulitizama kabla ya kutia udhu. Lilikuwa pale pale, halijashuka hata unywele.

Asubuhi ile Faki alikwenda mwenyewe kwenye meni swichi. Akaizima. Akachomoa na fyuzi, akaitia mfukoni mwa shati, akaufunga mfuko kwa kifungo. Umeme ulikuwapo siku ile, watu wote mtaani wana umeme, sisi tumejizimia wenyewe. Akaweka kiti chini ya swichi, akakaa, asipite mtu. Shaame akaijaribu kila waya kwa tesita yake, kimya, waya mmoja baada ya mwengine, na alipohakikisha zote zimekufa akamwita baba yako apande ngazi amshikie taa.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikamsikia Shaame anauliza, "Faki, waujua waya wa moto ni upi hapa?"

Baba yako aligeuza uso. Alinitizama mimi. Mtu mzima, mwenye mvi zake, amepanda ngazi na taa kifuani, ananitizama kama mtoto anayemtizama mwalimu mwenye bakora. Nikafahamu. Nikageuka nikaenda jikoni. Nikashika sufuria iliyokuwa safi nikaanza kuisugua. Na kutoka huko nikasikia, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sijui, yakhe. Hebu nioneshe."

Shaame akamwonesha. Wakazungumza muda mrefu, habari ya waya wa moto, na wa kurudisha, na ule wa kijani unaoshuka ardhini ambao taa ya shaba haifai kukosa. Sikumbuki yote. Nakumbuka sauti ya baba yako anauliza, na anauliza tena. Nilikuwa sijaisikia sauti ile kwa miaka mingi. Nilisugua sufuria mpaka ikawa inanionesha uso wangu, na uso wenyewe umelowa.

Baadaye akaja mlango wa jikoni. "Njoo uwashe wewe," akasema.

Nikamwambia, "Miye naogopa."

Hakucheka. Alikuwa na haki ya kucheka, tena kwa sauti, watu wasikie mpaka Wete. Akasema, "Na miye naogopa. Twende."

Tukaenda, tukabonyeza. Glopu nyengine ziliwaka, nyengine hazikuwaka, na matawi mawili bado yamepinda kama unavyoyaona. Shaame akaaga akaenda zake. Sisi tukakaa chini yake, mchana, tunaitizama taa iliyowashwa bila ya haja.

Sasa nikwambie kwa nini nimekaa kukuandikia, na mikono yangu haikuzoea kalamu. Juzi nilikuwa naanua nguo uani. Wewe ulikuwa nyuma ya ukuta na baba yako. Sikukusudia kusikiliza. Nilikusikia ukilia, ukimwambia kwamba kuna jambo lilikupata kazini huko Unguja, na kwamba unaogopa kwenda Mbeya. Kisha ukasema, "Lakini mama usimwambie."

Niliingiza nguo ndani, nikazikunja. Sikukasirika. Nilijua umejifunza wapi. Umelala mara nyingi kwenye mapaja yangu ukijifunza yanayompata mtu aliyeanguka mbele ya mama yako.

Jambo lenyewe silijui na sikuulizi. Baba yako nilimtizama jioni ile, naye akanitizama, nikamtilia chai. Liko kwa mtu mwaminifu. Nataka ujue hayo tu, usije ukakaa kwenye meli ukijiuliza kama mama kasikia.

Huko uendako watakuwapo watu wengi chini ya mikono yako. Atakuja mzee atakayekwambia dawa amekunywa na hakunywa, kwa sababu hakufahamu maandishi na anaona haya. Atakuja mwanafunzi wa uuguzi aliyeshikishwa sindano na hajui ataitia wapi. Utawajua kwa kicheko chao cha midomo. Sikwambii uwafanye nini. Wewe ndiye muuguzi. Nakwambia tu kwamba mimi nilikiona kicheko kile nikaendelea kusuka ukili, na kilinigharimu miaka ya mume wangu.

Na wewe pia utakosea. Siombi iwe, lakini wewe ni mtu. Siku hiyo ikifika, pengine baba yako atakuwa msikitini, au simu yake haina chaji kama kawaida yake. Nipigie mimi. Najua itakuwa tabu kuanza, na sina haki ya kudai uniamini kwa barua moja. Jaribu na jambo dogo kwanza. Nipigie unambie umeunguza wali. Uone kama Bi Mize atakuuliza ukirudi.

Nitapokea. Sitasema kitu mpaka umalize, hata kama utakaa kimya katikati na dakika za simu zinakwenda. Halitatoka kwangu, si kwa Zuwena, si kwa mwanamke yeyote wa uani. Ukishamaliza nitakuuliza kama umekula, kwa sababu hilo, mwanangu, siwezi kujizuia.

Mamako,
Sharifa